Swali la Njeo katika Mtihani wa Kiingereza: Lilikotoka na Linalotufanyia Wanafasihi

Utangulizi

Kila aliyesoma sekondari katika Afrika Mashariki analijua swali hili hata kama amesahau mengine yote. Sentensi moja ya Kiingereza imekatwa katikati, kitenzi kimetolewa, na chini yake zimepangwa herufi A, B, C na D. Mtahiniwa anatakiwa achague njeo moja tu iliyo sahihi. Njeo, kwa maana ya makala haya, ni kile ambacho darasani tulikiita nyakati, na tukitoka nje tukakiita tensi tu. Alama za swali lenyewe ni chache, na sisi wanafasihi tumezoea kulipita bila kugeuka, tukisema hayo ni mambo ya watu wa isimu.

Makala haya yanakusudia kulifuatilia swali hilo tangu lilikozaliwa mpaka lilipofika kwetu. Hoja yangu ni kwamba swali la njeo halikuanza kama kipimo cha kuelewa lugha. Lilianza kama zoezi la kuwasahihisha watu, wakiwemo waandishi wakubwa wa Kiingereza wenyewe. Baadaye likageuzwa lango la kuchujia watu, na lilipovuka bahari likaja na amri ya kutozungumza na lugha zetu. Kasoro yake kubwa ni kwamba huiondoa sentensi katika kisa chake, halafu hudai jibu ambalo ni kisa peke yake kingeweza kulitoa. Basi, kama ni suala la kisa, mwanafasihi hawezi kusema halimhusu.

Chimbuko: jedwali la Kilatini na vitabu vya makosa

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapishwa ni ile ya William Bullokar, ya mwaka 1586. Zama hizo, kusoma sarufi kulikuwa na maana ya kusoma Kilatini, na Bullokar alifuata nyayo za sarufi ya Kilatini ya William Lily. Sasa Kilatini ni lugha ambayo kitenzi chake hubadilika mwisho wake kwa kila njeo, kwa hiyo njeo zake hujipanga vizuri sana katika jedwali. Kiingereza hakiko hivyo. Kitenzi chake chenyewe kina maumbo mawili tu ya njeo, la wakati uliopo na la wakati uliopita, na yote yaliyobaki hufanywa kwa vitenzi visaidizi. Lakini jedwali lilikwisha kuchorwa, na wanasarufi wakaona ni wajibu wao kuvijaza visanduku vyake.

Mfano mzuri ni ule wa njeo ya wakati ujao. Mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis alitoa sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini. Humo aliweka kanuni kwamba nafsi ya kwanza itumie "shall" kutabiri na "will" kuahidi, na nafsi nyingine zifanye kinyume chake. Kanuni hiyo ilirithiwa na vitabu vya shule hadi karne ya 20, na watoto wengi wa makoloni wakaikariri. Mwaka 1925 Charles Fries wa Marekani akaamua kuichunguza. Alipitia tamthilia za Kiingereza na kuhesabu wahusika wanavyosema, akakuta kwamba hawaifuati: nafsi ya kwanza ilitumia "will" mara nyingi sana kuliko "shall". Ni vizuri tukumbuke kwamba ushahidi huo ulitoka kwenye tamthilia, yaani katika fasihi.

Karne ya 18 ndiyo iliyozaa swali tunalolijua. Mwaka 1762 Robert Lowth alitoa utangulizi mfupi wa sarufi ya Kiingereza. Huyu bwana hakuwa mgeni katika fasihi. Alikuwa amewahi kuwa profesa wa ushairi huko Oxford, na baadaye akawa Askofu wa Oxford, kisha wa London. Katika tanbihi za kitabu chake alikusanya makosa, na makosa hayo hakuyatoa kwa wachuuzi wa sokoni. Aliyatoa kwa Shakespeare, kwa Milton, kwa Swift na hata kwa wafasiri wa Biblia. Mojawapo ya mambo yaliyomkera ni umbo la kitenzi baada ya "have": watu walikuwa wakisema "have wrote" badala ya "have written", na Lowth akawashika waandishi mashuhuri wakifanya hivyo hivyo. Yaani, ndugu msomaji, watu ambao leo majina yao hutajwa kama kilele cha lugha ya Kiingereza waliingia katika kitabu cha sarufi kama watahiniwa waliofeli.

Katikati ya karne hiyo hiyo Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, alikuwa amekwisha kuanzisha mazoezi ya Kiingereza kibovu, ambamo mwanafunzi hupewa sentensi zilizoharibiwa makusudi ili azitengeneze. Kisha akaja Lindley Murray, mwanasheria mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia karibu na York. Sarufi yake ya mwaka 1795 aliiandika kwa ajili ya shule ya wasichana, na mwaka 1797 akaongeza kitabu kizima cha mazoezi, chenye sentensi zilizovunja kanuni moja baada ya nyingine. Vitabu vya Murray vilichapwa tena na tena, Uingereza na Marekani. Tangu hapo, kujua njeo kukawa na maana ya kuona kosa katika sentensi isiyosemwa na mtu yeyote, isiyoelekezwa kwa mtu yeyote, na isiyohusu jambo lolote.

Mtihani na mashine

Zoezi lilipoingia katika mtihani, uzito wake ulibadilika. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutunga mitihani ya shule mwaka 1858, na katika miaka ya 1860 mitihani hiyo ilikuwa imefika Trinidad. Mwaka 1913 Cambridge ikaanzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Mara ya kwanza walijitokeza watahiniwa watatu tu, na wote watatu wakashindwa. Mtihani ule ulikuwa na sarufi, lakini pia ulikuwa na tafsiri, insha, fasihi na kusoma kwa sauti. Njeo ilikuwa jambo moja kati ya mengi, na mtahiniwa aliweza kuionyesha ndani ya maandishi yake mwenyewe.

Kilichoikata sentensi na kuitia katika herufi nne kilitoka Marekani. Kati ya mwaka 1914 na 1915 Frederick Kelly, huko Kansas, alitunga mtihani wa kusoma wenye majibu ya kuchagua. Sababu yake ilikuwa ya maana: walimu walitofautiana mno katika kusahihisha, kazi ile ile mmoja akiipa alama nyingi na mwingine chache. Mwaka 1938 kampuni ya IBM ikawa na mashine ya kusahihisha karatasi za majibu. Mwaka 1961 Robert Lado akaandika kitabu cha upimaji wa lugha, akishauri kwamba lugha igawanywe katika vipengele vidogo na kila kipengele kipimwe peke yake, hasa pale ambapo lugha ya mwanafunzi inatofautiana na lugha anayojifunza. Mwaka 1964 mtihani wa Wamarekani kwa wanafunzi wa kigeni, TOEFL, ukaanza kutolewa, na ndani yake mkawemo maswali ya miundo ya sentensi.

Tusiibeze mashine bure. Haimjui mtoto wa mkubwa wala mtoto wa mkulima, haipendelei kabila wala dini. Katika nchi zenye maelfu kwa maelfu ya watahiniwa na nafasi chache za masomo, hilo si jambo dogo. Ila kasoro yake ni kwamba hukubali jibu moja tu. Kwa hiyo mtunga mtihani hulazimika kudai kwamba kila sentensi ina njeo moja tu, hata pale ambapo lugha yenyewe inaruhusu mbili au tatu.

Swali linavuka bahari

Kwetu, mtihani wa Kiingereza ulikuwa lango kabla haujawa kipimo. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, anaeleza mtihani wa kutoka shule ya msingi kwenda sekondari katika Kenya ya kikoloni. Aliyeshindwa Kiingereza alihesabiwa kuwa ameshindwa mtihani mzima. Anamkumbuka mvulana mmoja wa darasa lake la mwaka 1954 ambaye alifaulu vizuri sana masomo mengine yote, akaanguka Kiingereza, basi akaanguka kila kitu, na akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe, ambaye alama zake katika masomo mengine zilikuwa za kawaida, alipita kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri, akaenda Alliance. Hapa simaanishi kwamba utingo si kazi. Ninachouliza ni hiki: ni elimu gani iliyopimwa siku ile, na ni mwandishi gani, daktari gani au mwalimu gani aliyebaki nje ya mlango?

Mwaka 1961 ulifanyika mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Makerere kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Wanafasihi tunaukumbuka zaidi mkutano wa mwaka uliofuata, wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza, uliofanyika hapo hapo Makerere. Lakini ule wa 1961 ndio uliogusa darasa. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa Kiingereza, anayachambua mawazo matano yaliyotawala mkutano ule. La kwanza ni kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza peke yake. La mwisho ni kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka.

Angalia matokeo yake kwa swali letu. Lado anasema pima pale lugha mbili zinapogongana. Makerere inasema usiitaje lugha ya pili darasani. Ukiyaweka pamoja, mwanafunzi anapimwa hasa katika mambo ambayo Kiswahili chake kinamvuta upande mwingine, na mwalimu anakatazwa kumweleza kwamba anavutwa na nini.

Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980 na Uganda mwaka 1983. Wasahihishaji sasa wakawa ndugu zetu, lakini swali la njeo likabaki lile lile. Mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania, huku sekondari ikibaki kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ikapendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd wakakuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui Kiingereza kiasi cha kufuata masomo kwa lugha hiyo, na bado wao pia wakataka Kiingereza kiendelee, ila kipewe msaada. Kwa hiyo kijana asiyeweza kutofautisha njeo mbili za Kiingereza hakupoteza alama za Kiingereza tu. Alisoma na kujibu historia, biolojia na jiografia kwa njeo hizo hizo.

Njeo zetu na njeo zao

Hebu sasa tufanye kile ambacho darasa la Makerere halikutaka kifanywe, tuziweke lugha mbili mezani.

Kwanza, kiambishi -me-. Vitabu vingi humwambia mwanafunzi kwamba -me- ni sawa na "have" ya Kiingereza. Mara nyingi ni kweli: "nimeandika barua". Lakini "amelala" si habari ya tendo lililokwisha. Ni hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Vivyo hivyo "amekaa", "amesimama", "amevaa kanzu", "nimechoka". Mwanafunzi anayeandika "She has slept" akiwa na maana kwamba mtu yuko usingizini hajakosa akili. Ameifuata kanuni aliyopewa mpaka mwisho wake. Isitoshe, Kiingereza hakitaki umbo hilo likae pamoja na wakati uliotajwa, kama "yesterday", wakati katika mazungumzo yetu mtu husema "amekuja jana" na hakuna anayeshtuka.

Pili, -na-. "Ninasoma" yaweza kuwa sasa hivi, na yaweza kuwa ndiyo shughuli yangu ya mwaka huu. Kiingereza hutenganisha, na vitenzi kama "know" hukataa kabisa umbo la kuendelea. Ndipo mtu aliyezoea "ninajua" anaposema "I am knowing" na kuchekwa.

Tatu, na hili ndilo tamu zaidi kwa mwanafasihi, ni usemi wa taarifa. Sisi husema: "Alisema anaumwa." Kitenzi cha pili kinabaki katika wakati wa msemaji wa kwanza, kana kwamba tunamsikia bado. Kiingereza hukivuta nyuma: "He said he was ill." Hapo msimulizi ameyachukua maneno ya mgonjwa na kuyaweka katika wakati wake yeye mwenyewe. Huo si usahihi dhidi ya makosa. Ni mikao miwili tofauti ya msimulizi: mmoja anakaa karibu na mhusika, mwingine anakaa karibu na msomaji. Mwanafunzi anayechagua "is" mahali pa "was" anasimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake. Anahitaji kuambiwa hivyo, halafu aelezwe Waingereza wanakaa wapi wanaposimulia. Alama ya X haimwambii hayo.

Mwanafasihi na herufi nne

Chukua swali la kawaida: "When I arrived, she ______ pilau." Majibu: A "cooked", B "was cooking", C "had cooked". Ufunguo wa majibu utasema B. Lakini jamani, sentensi zote tatu ni Kiingereza safi! Nilipofika, akapika pilau: mgeni amepokelewa, sufuria imetoka kabatini kwa ajili yake. Nilipofika, alikuwa anapika: mgeni ameikuta harufu mlangoni, na pengine chakula ni cha mtu mwingine. Nilipofika, alikuwa amekwisha kupika: alijua nitakuja, au nimechelewa na pilau limepoa. Hivi ni visa vitatu, na vina wanawake watatu tofauti. Mwanafunzi aliyeviona vyote vitatu ndiye msomaji bora wa riwaya, na ndiye atakayesita zaidi katika chumba cha mtihani huku saa inakwenda.

Kuna mkanganyiko mwingine unaotupata sisi moja kwa moja. Katika karatasi ya sarufi, mtahiniwa hufundishwa kwamba akianza na wakati uliopita asirukie wakati uliopo. Akienda karatasi ya fasihi, anatakiwa aandike kwamba Okonkwo anajinyonga, kwa wakati uliopo, ingawa Things Fall Apart ilichapishwa mwaka 1958 na imesimuliwa kwa wakati uliopita. Sababu ipo, nayo ni nzuri: tendo lililomo kitabuni hutendeka upya kila kinapofunguliwa. Lakini sababu hiyo ni ya kisa, si ya jedwali, na ndiyo maana karatasi ya sarufi haina mahali pa kuiweka.

Waandishi wa Kiafrika wamelijua jambo hili siku nyingi. Amos Tutuola, tarishi wa ofisi ya serikali huko Lagos aliyesoma shule kwa takriban miaka sita, alichapisha The Palm-Wine Drinkard mwaka 1952. Vitenzi vyake visingepita katika mtihani wowote. Dylan Thomas alikisifu kitabu hicho, ilhali Wanigeria wengi wasomi walikionea haya, wakihofia Wazungu watasema Waafrika hawajui Kiingereza. Mchapishaji naye akaweka ndani ya kitabu picha ya ukurasa wa mswada wenye masahihisho, kana kwamba anauza kosa. Pande zote mbili zilimsoma Tutuola kama karatasi ya mtihani, moja ikimpa vema kwa sababu ya makosa, nyingine ikimkata kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1985 Ken Saro-Wiwa akachukua hatua zaidi. Riwaya yake Sozaboy aliipa jina dogo linalosema wazi kwamba imeandikwa kwa Kiingereza kilichooza. Humo pijini, Kiingereza cha mitaani na Kiingereza sanifu vinachanganyika makusudi, katika kinywa cha kijana aliyeingizwa katika vita asivyovielewa. Pijini ya Nigeria ina viashiria vyake vya njeo na hali, kama "don" kwa jambo lililotimia na "dey" kwa linaloendelea. Ni mfumo kamili. Haufanani tu na ule wa Murray.

Pengine msomaji atasema: dawa ni kuhamia Kiswahili, mambo yataisha. Mimi naunga mkono Kiswahili, lakini sidhani ugonjwa utapona kwa kubadili lugha tu. Tazama tunavyofundishana -nge- na -ngali-. Darasani tunaambiwa -nge- ni ya jambo linaloweza kutokea bado, na -ngali- ni ya jambo lililopita ambalo haliwezekani tena, na ole wake anayevuka mpaka. Nje ya darasa, watu husema "ningejua jana nisingekuja", na wanaelewana bila taabu. Jedwali tumelirithi, tukalitafsiri, na sasa tunawapimia wenye lugha yao.

Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba njeo zisifundishwe wala zisipimwe. Anayesaini mkataba lazima ajue tofauti ya "has paid" na "will pay", asije akalia. Tunachodai ni kwamba swali lirudishiwe kisa chake. Mtahiniwa apewe aya nzima badala ya sentensi iliyokatwa. Pale ambapo njeo mbili zinawezekana, aulizwe kila moja inabadili nini. Mwalimu awe huru kueleza -me- na -li- anapofundisha Kiingereza, kwa sababu mwanafunzi tayari anazo kichwani, atake asitake.

Na kazi ya kwanza ni yetu sisi wanafasihi. Tumewaachia wanasarufi vitenzi, tukabaki na wahusika, dhamira na matabaka, kana kwamba mhusika anaweza kutenda lolote bila kitenzi. Tunapohakiki riwaya, tuulize pia msimulizi amekaa katika wakati gani, na kwa nini amehama alipohama. Wengi wetu tutakuwa walimu wa sekondari. Huko tutakutana na mwanafunzi kama yule wa mwaka 1954, naye atakuwa ameandika "He said he is ill". Kabla ya kumkata alama, tumwombe kwanza atusimulie huyo mgonjwa ni nani, na yeye alimsikia kutoka wapi.